Uso wa Kuazima

Bibi Apolinaria aliambiwa hafanani na picha yake mwenyewe siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, sebuleni kwake Itetemia, na aliyemwambia alikuwa anatafuna michembe yake ya viazi.

Mtu huyo ni Mwalimu Sixbert, mwenyekiti wa Kamati ya Kumuenzi Muuguzi Levina, ambaye alikuwa amestaafu kila kitu isipokuwa kusahihisha watu. Mkononi alishika postikadi, moja kati ya elfu moja zilizochapishwa upya kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi. Ilikuwa na msichana aliyevaa gauni jeupe na kofia ya uuguzi, kidevu juu, macho yakitazama mbali kama anayesubiri treni iliyochelewa. Chini yake paliandikwa: *Muuguzi Levina, Shujaa wa Tabora, 1979.* Mwalimu aliiinua kadi ile hadi usawa wa uso wa bibi, akafumba jicho moja kama fundi anayepima ukuta.

"Marehemu dada yako alikuwa mrembo," akasema. "Tazama pua hii. Tazama shingo. Wewe mama, nadhani ulifuata upande wa baba."

"Huenda," akasema Apolinaria. "Baba hakuwa na sura ya kumpa mtu."

Wajumbe aliokuja nao wakacheka. Dionis, mwanawe wa pekee, mfuga nyuki na katibu wa kamati, akacheka kuliko wote. Bibi akachukua sahani iliyobaki makombo, akaenda nayo jikoni, akasimama mbele ya kioo cha mkwewe kilichotundikwa kando ya dirisha. Alikuwa na miaka sitini na saba. Shingo ile ilikuwepo, ila imekunjwa. Pua ilikuwa palepale ilipoachwa. Msichana wa kwenye kadi alikuwa yeye, wala hapakuwa na mtu nyumbani mle anayejua.

Alirudi akakuta wamefika kwenye maandishi ya jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa limekwisha wasili kutoka Mwanza, uso umechorwa kwa mashine, limefunikwa gunia nje ya zahanati mpya ya kata ambayo ingepewa jina la Levina. Kilichobaki ni kibao cha chini.

"Alikufa vipi hasa?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Lori lilipinduka," akasema Apolinaria. "Huko Uganda. Walikuwa wanapeleka majeruhi."

Mwalimu Sixbert akakunja uso. "Kupinduka na lori hakuna ushujaa. Tuandike 'alianguka vitani'. Si uongo. Lori lilianguka, naye alikuwemo."

Ikapita bila kupingwa. Ikafuata orodha ya viti. Safu ya kwanza viongozi, ya pili wafadhili, ya tatu viongozi waliochelewa. Ndugu wa marehemu walipangiwa safu ya nne, viti vya plastiki, na Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba nafasi hiyo ina kivuli kizuri kuanzia saa tisa. Sherehe ilikuwa saa nne.

Apolinaria hakununa kwa ajili ya kiti. Kilichomkaa rohoni ni kwamba ikifika Jumamosi, gunia likivutwa, dada yake atapewa uso usio wake, na safari hii si kwenye karatasi. Karatasi huchakaa. Jiwe lingewazika wote, na Levina asingekuwa na sura tena duniani.

&nbsp;

Kesho yake alikwenda Gongoni kwa Zuwena.

Zuwena alikuwa mjane wa Abasi mpiga picha, yule aliyekuwa na studio karibu na stesheni. Tena alikuwa mtani. Babu yake Mzaramo alikuja Tabora na msafara, akashikwa na homa, wenzake wakamwambia asubiri msafara utakaofuata. Ikaja reli badala yake, na ukoo mzima ukabaki hapo ukiwatukana Wanyamwezi kwa haki zote za utani. Kwenye misiba ya kina Apolinaria, Zuwena ndiye aliyekuwa akilala mlangoni kuzuia jeneza, akavaa viatu vya marehemu na kuuliza nani atarithi deni la ulabu. Bila yeye msiba ulikuwa haujachangamka.

"Hodi."

"Nani huyo? Kama ni Mnyamwezi, mzigo uache nje."

"Aliyeshindwa mzigo ni babu yako. Sisi tulimwokota njiani tukamnywesha uji."

"Karibu, mwaya. Mbona umekuja umevimba shavu kama umeng'atwa na nyuki wa mwanao?"

Apolinaria akaketi mkekani, akamwekea kadi mpya juu ya ungo wa mchele. Zuwena akaitazama, akaacha kupepeta.

"Wamezichapa tena," akasema.

"Elfu moja. Na jiwe."

"Abasi, Mungu amrehemu, alisema ni wiki mbili tu. Wanajeshi wakishuka kwenye treni wanunue ukumbusho, basi, yaishe."

Wote wawili walikuwepo siku ile, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kusimuliana, lakini wazee husimuliana hata walichokiona pamoja. Habari za kifo zilifika, maiti haikufika. Katibu wa tawi la chama akataka kadi za shujaa. Picha ya Levina iliyokuwepo studio ilikuwa moja tu, na katibu alipoiona akaitupa mezani: shujaa gani anacheka mpaka jino la mwisho? Ndipo Abasi akasema yupo mdogo wake, wanalingana kimo, na gauni la akiba lipo. Apolinaria alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliambiwa ni kwa ajili ya dada yake, akavaa.

"Picha yenyewe unayo bado?" akauliza.

Zuwena akaingia ndani, akatoka na bahasha ya zamani. Levina alikuwa ameketi kwenye kigoda cha studio, kofia ya uuguzi imemwendea upande, mdomo wazi wote, macho yamefumba, mkono umepigwa juu ya paja. Jino moja la mbele halikuwepo. Nyuma yake pazia lililochorwa maua lilikuwa limeanguka nusu, na labda ndilo lililomchekesha.

Wakaitazama kitambo.

"Hii ndiyo iende kwenye jiwe," akasema Apolinaria.

"Mwambie mwanao."

"Mwanangu atasema nimechanganyikiwa. Sema wewe. Wewe mtani, mtani hakasirikiwi. Ukisema wewe hakuna wa kuaibika, si Dionis, si mimi, si marehemu mumeo."

Zuwena akatikisa kichwa. "Utani wa namna hiyo ni wa msibani, Apolinaria. Ile ni sherehe, ina mpaka kipaza sauti. Nitaingiaje?"

"Msiba wa Levina uliisha lini?"

"Ehe?"

"Nakuuliza. Matanga tulivunja lini? Nani alinyoa? Wewe ulimtania lini? Walituambia mashujaa hawaliliwi, tukaambiwa tupige makofi. Tukapiga. Msiba ule haujaanza bado."

Zuwena akafikiri, akiokota kijiwe kwenye mchele. Mtu wa sheria angepata taabu kuijibu hoja ile.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema hatimaye. "Na uso je? Haya. Mniandalie kuku wangu, na asiwe wa kisasa."

&nbsp;

Hata hivyo Apolinaria aliona si vizuri mtoto asikie habari za mama yake pamoja na umati. Alhamisi mchana akamfuata Dionis uani, alikokuwa anajaza asali kwenye chupa huku mkewe Yustina akibandika lebo. Lebo zilikuwa mpya: *Asali ya Shujaa*, na uso uleule wa kwenye kadi.

"Dionis, yule ni mimi."

"Ndiyo mama. Damu ni moja."

"Sisemi damu. Nasema mimi. Nilivaa gauni lake, Abasi akanipiga picha. Mama yako mkubwa alikuwa ameshakufa."

Dionis akatabasamu lile tabasamu ambalo watoto huwapa wazazi waliozeeka, akamtazama mkewe ili atabasamu naye. Yustina hakutabasamu. Kila wiki alikuwa akimsuka mama mkwe wake, na alikijua kichwa kile kuliko mwenye nacho. Akainua chupa juani, akatazama sikio la msichana kwenye lebo, ndewe iliyopasuka ikaungana vibaya. Akamtazama bibi.

"Baba Levi," akamwambia mumewe taratibu, "ni mama."

Asali ikamwagika kwenye viatu vya Dionis kabla hajafunga koki.

"Miaka arobaini," akasema. "Kila nikitoka kwenda shule naiambia ile picha ukutani, shikamoo mama mkubwa!"

"Na mimi nilikuwa naitikia kimoyomoyo."

"Mama, hili si jambo la kuchekesha!"

"Nani anacheka?"

Dionis akaketi juu ya ndoo. Mtu mzima, ana kitambi, ana muhuri wa kamati mfukoni, akawa kama anataka kulia. Akaanza kupanga mambo kwa vidole. Jiwe limekwisha chorwa. Mgeni rasmi amethibitisha. Wapo watu katani ambao toka mwanzo walitaka zahanati ipewe jina la mwingine, na wakisikia kadi ni ya uongo watasema na Levina mwenyewe ni wa uongo. "Jina litafutwa, mama. Jina lake. Unataka hivyo? Acha Jumamosi ipite. Picha ni picha tu."

"Picha ni picha tu ukiwa nazo nyingi."

"Nani atajua?"

"Nikifa mimi," akasema Apolinaria, "kaburini kwangu mtaweka picha gani?"

Yustina akaendelea kushika lebo ambayo hakujua tena aibandike wapi.

"Nakuomba, mama," akasema Dionis. "Nyamaza. Jumamosi tu."

Bibi akamtazama, akasema, "Haya," akaingia ndani. Dionis akadhani amekubali. Wanaume wengi hudhani neno hilo ni jibu.

&nbsp;

Jumamosi ilikuwa na turubai mbili, ngoma, kwaya ya Wamoravian na kwaya ya Wakatoliki zilizokuwa zinashindana bila kukiri, na meza getini ambako Dionis mwenyewe aliuza postikadi. Watu walinunua kwa wingi, wakajipepea nazo. Jua lilikuwa kali, na safu ya nne haikuwa na kivuli, kama ilivyotabiriwa.

Mgeni rasmi aliposimama kwenda kufunua jiwe, alimkuta mtu amelala njiani.

Zuwena alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe nyuma mbele, sufuria kichwani, na amejifunga kanga ya msiba. Alikuwa analia kwa sauti ya kuvunja ukuta.

"Hapapitwi! Marehemu hajatuaga watani! Wanyamwezi wameficha maiti miaka yote hii ili wasitupe kuku!"

Umati ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti. Hata mgeni rasmi, ambaye alikuwa Mgogo na kwa hiyo mtani vilevile, alishika mbavu, na Mwalimu Sixbert akatangaza kwenye kipaza sauti, "Mila hai hizo, ndugu wananchi! Watani wamefika!"

"Alianguka vitani, wanasema!" Zuwena akaendelea, sasa amekaa kitako. "Alianguka kweli, na lori! Mnyamwezi gani anapanda kitu kisicho na miguu akafika salama? Tena sikieni! Uso ulioko chini ya gunia hilo si wa Levina. Ni wa mdogo wake! Mmeona wapi marehemu yuko safu ya nne anakunywa soda? Yule pale! Muulizeni ahera wanauza bei gani!"

Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Walimgeukia Apolinaria wakampungia mikono. Mgeni rasmi akamwahidi Zuwena kuku wawili, akamruka kwa adabu, akavuta kamba. Gunia likaanguka. Msichana wa 1979 akatazama mbali juu ya vichwa vyao, na chini yake 1955–1979. Makofi yakapigwa, vigelegele, kwaya zote mbili zikaanza wimbo tofauti kwa wakati mmoja.

Zuwena akainuka, sufuria mkononi. Alikuwa amesema kila kitu, na hapakuwa na mtu aliyesikia. Kule kwetu ukweli ukishapita mdomoni mwa mtani, haurudi tena kuwa ukweli. Vikongwe wawili wenye akili timamu walikuwa wamelisahau jambo ambalo kila mtoto analijua.

"Sasa namwita mdogo wa marehemu aweke shada," akasema Mwalimu.

Apolinaria akaenda. Hakuweka shada. Akasogea kwenye kipaza sauti, akasema, "Zuwena hatanii. Huyu ni mimi."

Kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. "Na bibi naye kaingia!" mtu akapiga kelele. "Mjibu, bibi, usikubali!"

"Nasema kweli," akasema. "Si dada yangu. Dada yangu alikuwa…" Sauti ikamezwa. Watu walikuwa na furaha, na furaha ya umati ni kitu kibaya sana kupambana nacho ukiwa na miaka sitini na saba na shada la plastiki mkononi. Akageuka kumtafuta mtu wa kumsaidia, asione ila watu wanaocheka meno nje, wanampenda, hawamsikii. Alijisikia mpweke kuliko siku ile alipovalishwa gauni.

Dionis alikuwa getini na kadi zake. Aliona mgongo wa mama yake. Alijua kwamba akikaa kimya dakika mbili tu, kwaya itaimba, chakula kitapakuliwa, na jambo litakuwa limekwisha salama milele. Zahanati ingekuwa na jina. Yeye angebaki katibu.

Akapita katikati ya watu, kwapani ameshika faili la kamati, akachukua kipaza sauti kutoka kwa Mwalimu Sixbert bila kuomba.

"Naomba iingie kwenye kumbukumbu," akasema, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuanza. Watu wakatulia kidogo. Muhtasari hauchekeshi. "Mimi ni katibu wa kamati. Picha hii si ya marehemu. Ni ya mama yangu. Nilijua Alhamisi. Aliniambia, nikamwambia anyamaze. Leo asubuhi nimewauzia ninyi kadi hizi kwa mkono wangu huku nikijua." Akapumua. "Sitanii. Mimi si mtani wa mtu hapa."

Kisha kikatokea kitu ambacho Mwalimu Sixbert alikieleza baadaye kuwa ni aibu kwa kata nzima: mamia ya watu waliinua kadi walizokuwa wakijipepea, wakatazama kadi, wakamtazama bibi, wakatazama kadi. Vichwa vikapanda na kushuka kama vya kuku wanywao maji.

"Sasa," akauliza mgeni rasmi, "marehemu ni yupi?"

Zuwena akatoa bahasha ndani ya koti. Mgeni rasmi akaitazama picha akiwa amekaza uso wa kiserikali, na uso ule ukamshinda. Mdomo ukaanza kumcheza. Akampa aliyekuwa karibu, naye akaanza vilevile, picha ikashuka safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila ilipopita watu walitabasamu kabla hawajajua kwa nini.

Ilipofika kwa mama mmoja mnene kutoka Ntalikwa, akapiga ukelele.

"Huyu! Huyu namjua! Ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza! Mimi nasukuma, yeye anacheka hivihivi! Nikamwambia nikitoka kitandani hapa nitakupiga. Mungu wangu, ndiye Levina? Huyu ndiye mliyekuwa mnamsema siku zote?"

Apolinaria alisikia. Katika miaka yote ile watu walikuwa wamemsifu dada yake mbele yake, kwa shingo, kwa pua, kwa ushujaa, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumsema mtu ambaye yeye mwenyewe alimfahamu. Akaketi chini mbele ya jiwe, akanyoosha miguu, akavua kilemba, akalia.

Hakulia kwa heshima. Alilia kwa sauti, akamwita kwa jina, akamuuliza kwa Kinyamwezi amemwachia nani. Yule mama wa Ntalikwa akaja akaketi chini kando yake. Akafuata Yustina, wakafuata wanakwaya wa pande zote mbili, mpaka wanawake wote wa safu za nyuma wakawa udongoni. Mgeni rasmi akatazama ratiba, akaikunja, akavua kofia, akaagiza jiwe lifunikwe tena mpaka lipatikane jingine. Kisha akaomba mkeka. Dionis alisimama pembeni na faili lake, analia kama mtoto, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wakamtazama Zuwena. Kilio kikizidi, mtani ndiye wa kukikata. Ndiyo kazi yake, ndiyo maana hupewa kuku. Lakini koti la Abasi likaanza kutikisika mabegani mwake, na mwanamke aliyewachekesha Tabora nzima kwenye misiba akaketi chini na sufuria yake, akalia kuliko wafiwa.

Watu wakashikwa na wasiwasi. Mtani akilia, nani atanyamazisha msiba?

Apolinaria akajifuta pua kwa upindo wa kanga. Akamsogelea kwa makalio mpaka bega likagusa bega.

"Nyamaza wewe Mzaramo," akasema. "Hata kulia hamjui. Mnalia kama mnanadi samaki."